Nambari hasi kwa watoto wa shule ya msingi: deni, ngazi za gati, vifuniko au mabao?

Mwulize mtoto wa Gredi ya 4 swali la 3 kutoa 5, atakujibu bila kusita: "Haiwezekani, mwalimu." Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa na nia njema. Lakini jibu hilo lina gharama yake. Mpe mtoto huyo huyo 42 kutoa 17 aipange wima, na mara nyingi utamkuta ameandika 35. Ameona 2 kutoa 7 haiwezekani, akaigeuza ikawa 7 kutoa 2, akaendelea na safari yake. Baadaye akiingia sekondari msingi, ambako mtaala wetu wa Kenya unazifundisha rasmi nambari hasi, yaani zilizo chini ya sufuri, anaambiwa kumbe iliwezekana siku zote.

Na kabla hajafika huko anakuwa ameshazikuta mara nyingi. Huku Lamu, kama kule Malindi, mtoto anaziona kwenye jedwali la ligi la timu anayoishabikia, anamsikia kaka yake akilalamika kuhusu Okoa Jahazi, ule mkopo wa muda wa maongezi wa Safaricom, anaona namba ya ajabu kwenye friza la mwenye duka la samaki. Kwa hiyo mimi nasema tusimngojee. Kazi iliyopo ni kuchagua mfano wa kumwonyeshea, na hapo ndipo walimu na wazazi wengi tunapochagua kwa mazoea tu: mmoja anashika deni, mwingine kipimajoto, kwa sababu ndivyo yeye alivyofundishwa.

Kila mfano nimeupima kwa maswali matatu. Kati ya -8 na -3, ipi kubwa? Je, -2 jumlisha 5 ni ngapi? Na 3 kutoa -2 je? Swali la tatu ndilo linaloliza watu, hata watu wazima. Hakuna mfano unaoyajibu yote matatu vizuri, na mtu akilijua hilo mapema atapunguza nusu ya uchovu wa somo hili.

Deni

Huu ndio mkongwe kuliko yote. Mwaka 628 kule India, Brahmagupta aliandika kanuni za nambari hizi kwa kuziita mali na deni, na mojawapo inasema deni likitolewa kutoka sufuri huwa mali. Katika karne ya 10, Abu al-Wafa al-Buzjani wa Baghdad aliwaandikia makarani na wafanyabiashara kitabu cha hesabu, na alipotoa 5 kutoka 3 akasema linabaki deni la 2. Watu wa biashara wanaielewa lugha hii, na mji wowote wa pwani hii umelelewa na biashara.

Kwa swali la pili deni ni bora sana. Una shilingi 30, unataka kitu cha 50, mwenye duka anakuandika 20 kwenye daftari. Kesho mjomba anakupa 50, unalipa, unabaki na 30. Mtoto hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba -20 jumlisha 50 ni 30. Anaijua tangu alipoanza kutumwa dukani.

Kwenye swali la kwanza mambo yanaharibika. Muulize deni la 80 na deni la 30 lipi kubwa, atakwambia la 80, na amesema kweli. Sasa mwambie kwamba -80 ni ndogo kuliko -30. Atakuangalia. Kwake yeye "kubwa" imeshashikamana na deni lenyewe, na kumbandua hapo ni kazi. Nimeona watoto wazuri wa hesabu wakipanga -1, -3, -8 kuanzia ndogo kwenda kubwa kwa moyo mkunjufu kabisa, na ukiwauliza wanakutajia daftari la duka.

Swali la tatu linajibika kwa kusamehewa. Mfukoni una 10, dukani unadaiwa 6, hivyo hali yako halisi ni 4. Mwenye duka akisema "nimekusamehe," deni la 6 limeondolewa, hali yako sasa ni 10. Basi 4 kutoa -6 ni 10. Ni maelezo safi, lakini yanamtaka mtoto akubali kuchanganya fedha za mfukoni na maandishi ya daftari yawe kitu kimoja, na watoto wengi hawakubali. Wanasema: "Mimi nina kumi, mwalimu. Hilo deni liko dukani kwa Bakari." Kwa hawa kuna njia ninayoipenda, na inafaa kwetu zaidi kuliko mahali pengi. Mtoto wa Lamu amewahi kusikia mazikoni mwenye msiba akisimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Anajua, hata kama hajui sheria ya mirathi, kwamba madeni hutolewa kwanza ndipo warithi wagawane. Pale mali na deni huwekwa kwenye hesabu moja, na kinachobaki ndicho kinachohesabiwa. Kwa mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili hilo linaeleweka. Kwa wa miaka minane ni zito mno, usilitumie.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni heshima ya watoto. Darasani kuna mtoto ambaye asubuhi ametumwa dukani kukopa unga akarudishwa mikono mitupu, na wenzake wanajua. Ukiuliza "nani kwao wanadaiwa?" umemvunja, na hesabu ya siku hiyo imeisha. Tumia duka la kubuni na mteja wa kubuni. Ya pili ni Okoa Jahazi. Inavutia kuitumia kwa sababu watoto wanaijua, lakini kuna ada ya asilimia 10: ukiomba 50 unapata 45 na unadaiwa 50. Somo la nambari hasi linageuka kuwa somo la asilimia kabla halijasimama.

Ngazi za gati

Mfano wa pili ni mstari wa nambari, na ninasisitiza mstari wa wima. Mwingereza John Wallis aliueleza mwaka 1685 kwa mtu anayetembea: ameenda yadi 5 mbele, akarudi yadi 8, je, yuko wapi? Yuko 3 nyuma ya alipoanzia, yaani -3. Wallis alimtembeza mtu wake kwenye mstari uliolala. Vitabu vya shule navyo huulaza mstari ubaoni, hasi kushoto na chanya kulia.

Hapa kwetu mstari uliolala una tatizo dogo ambalo mwandishi wa kitabu cha Nairobi huenda halimjii akilini. Mtoto anayesoma madrasa alasiri anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na asubuhi shuleni anaandika kutoka kushoto kwenda kulia. Kwake "mbele" ina pande mbili. Atajifunza, bila shaka, ila kwa nini umuongezee mzigo siku ya kwanza? Juu na chini hazina ubishi katika lugha yoyote wala katika herufi zozote.

Na juu na chini tunazo. Mtu yeyote aliyekaa mbele ya maji mjini Lamu ameziangalia zile ngazi za gati zinazoshuka baharini. Maji yakijaa zimebaki chache, yakipwa zinafichuka mpaka zile zenye ukoga na chaza. Chagua ngazi moja, iite sufuri. Za juu yake ni 1, 2, 3. Za chini yake ni -1, -2, -3. Mtoto anasimama -2, anapanda ngazi 5, yuko 3. Anasimama 3, anashuka 5, yuko -2. Hakuna tena "haiwezekani," kwa sababu ngazi ipo na mguu wake umeikanyaga.

Kwa swali la kwanza hakuna mfano unaoushinda huu. Iliyo chini ni ndogo. Ngazi ya -8 iko chini ya -3, wala hakuna wa kubisha. Mzazi mvuvi anaweza kuendeleza hapo hapo: nyavu iko pima 8 chini, nyingine pima 3, ipi iko chini zaidi?

Kuna mambo ya kuangalia kwa karibu. Watoto wengi huhesabu ngazi waliyosimama kuwa "moja," hivyo wakiambiwa wapande 5 wanapanda 4. Waambie waseme namba wakati mguu unatua, si kabla. Wengine huruka sufuri, wakishuka husema 2, 1, hasi 1. Ipake rangi sufuri, au iwekee kitambaa, na mtoto akifika hapo aitaje kwa sauti. Kwa sababu hiyo hiyo, usitumie miaka ya kale kama mfano wa nambari hasi. Katika kalenda tunayotumia, mwaka 1 kabla ya Kristo unafuatwa moja kwa moja na mwaka 1 baada ya Kristo. Sufuri haipo, na mtoto makini ataishia kuchanganyikiwa.

Jambo jingine ni bahari yenyewe. Mwalimu akisema "sufuri ni pale maji yalipo," kufikia saa ya mapumziko sufuri imehama. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 3, sembuse ngazi chache. Sufuri lazima iwe kwenye jiwe. Hata vitabu vya kujaa na kupwa kwa maji vimefanya hivyo: sufuri yao imewekwa karibu na maji ya chini kabisa, ndiyo maana takwimu zake karibu zote ni chanya ingawa bahari inashuka mbele ya macho yetu. Kwa mtoto wa Gredi ya 6 hili ni somo zuri la peke yake, kwamba sufuri huchaguliwa na watu. Na tafadhali, usiwapeleke watoto arobaini kwenye ngazi zenye ukoga. Waangalie kutoka juu, kisha mchore ngazi kwa chaki ukutani au mtumie ngazi za jengo la shule. Aliye Malindi na hana gati la namna hii karibu naye hakosi ukuta.

Swali la tatu ndipo ngazi zinapochoka. Kutoa ni kushuka, sawa. Kutoa hasi je? Vitabu hujibu kwa kumfundisha mtoto kugeuka na kutembea kinyumenyume: alama ya kutoa geuza uso, alama ya hasi rudi nyuma. Mtoto anajifunza mchezo wa miguu, anaufanya bila kosa, na ukimuuliza kwa nini jibu ni 5 hajui. Mimi siutumii kabisa.

Vifuniko vya soda

Sasa huu ndio ninaoutetea, na nitakaa nao kidogo.

Kifuniko cha soda ya chupa kina nyuso mbili. Wa nje una rangi: uite chanya 1. Wa ndani ni mweupe au wa fedha: uite hasi 1. Kanuni ni moja tu: mwenye rangi na asiye na rangi wakikaa pamoja, thamani yao ni sufuri. Wachina walifanya jambo la jamii hii kwa vijiti, vyekundu kwa chanya na vyeusi kwa hasi, na Liu Hui alieleza matumizi yake katika karne ya 3. Sisi tunavyo vifuniko, vinapatikana bure kwenye kila duka. Chagua visivyokunjwa na kifungulio cha chupa, maana kingo zake hukwaruza.

Swali la pili: -2 jumlisha 5. Weka viwili vya ndani, ongeza vitano vya rangi. Jozi mbili zinafutana, vinabaki vitatu vya rangi. Basi.

Tazama sasa 3 kutoa 5, lile lililokuwa haliwezekani. Mtoto ana vifuniko vitatu vya rangi mezani. Anatakiwa aondoe vitano. Anakwama, na ni vizuri akwame. Muulize: "Naweza kuongeza kitu mezani bila kubadilisha thamani?" Mpe muda. Siku zote kuna mmoja anayeliona: tuweke jozi, kwa sababu jozi ni sufuri. Anaweka jozi mbili. Mezani kuna vya rangi vitano na vya ndani viwili, na thamani bado ni 3. Sasa anaweza kuondoa vya rangi vitano. Vinabaki viwili vya ndani. Jibu ni -2, na hakuna aliyemwambia.

Kisha mpe 3 kutoa -2. Ana vitatu vya rangi, anatakiwa aondoe viwili vya ndani ambavyo havipo. Lakini njia ameshaijua. Anaweka jozi mbili, anaondoa vya ndani viwili, mkononi mwake ameshika hivyo viwili na mezani vimebaki vya rangi vitano. Mwache avitazame. Kutoa hasi kumeongeza, na ameona kwa macho kwamba zile mbili za ziada ni wenzao wa zile alizoziondoa. Huyu hatahitaji wimbo wa "hasi na hasi ni chanya," ambao watoto huukariri kisha wakautumia pasipostahili, wakaandika -3 jumlisha -4 ni 7.

Vifuniko vina udhaifu wake. Swali la kwanza havilijibu: vifuniko vinane vya ndani vinaonekana vingi kuliko vitatu, na mtoto atasema -8 ni kubwa, sawa na kwenye deni. Zaidi ya 10 mfano haufai, meza inajaa na kuhesabu kunachukua muda kuliko kufikiri. Na darasa la watoto hamsini linahitaji vifuniko vingi. Gawa makundi ya wanne, kila kundi na vifuniko ishirini ndani ya kikopo, na vihesabiwe vikirudi.

Mtu ataniuliza kwa nini nisitumie kete za bao, wazee wanazo. Kete zote ni za aina moja, hazina uso wa pili. Faida ya kifuniko ni kule kugeuka: geuza 4 inakuwa -4, geuza tena inarudi 4.

Tofauti ya mabao

Mfano huu haupewi heshima yake. Jedwali la ligi lina safu ya tofauti ya mabao, na mtoto shabiki anaisoma bila kufundishwa. Timu ina 4, inafungwa 6 kwa 1, mechi hiyo ni -5, sasa iko -1. Hata swali la kwanza linajibika, kwa sababu kila shabiki anajua -8 ni mbaya kuliko -3. La tatu pia: mechi ile ya -5 ikifutwa na wasimamizi wa ligi, timu inarudi 4. Basi -1 kutoa -5 ni 4. Mtoto wa Gredi ya 6 anayepinga hesabu zote atakutetea hili mpaka jioni.

Shida ni kwamba timu hazipangwi kwa mabao kwanza, hupangwa kwa pointi. Timu yenye -2 inaweza kukaa juu ya timu yenye 1, na mtoto akakuonyesha jedwali kuwa ushahidi. Linganisha timu zenye pointi sawa tu. Na wapo watoto wasiojali mpira, hivyo mfano huu ni wa mazoezi ya mtoto mmojammoja nyumbani kuliko wa kuanzishia darasa.

Kipimajoto

Kifupi: huku kwetu hakuna aliyewahi kuona hewa ikifika sufuri. Ukitaka kitu cha kweli, friza la samaki lililowekwa -18 ndilo hilo, na mtoto anajua samaki wa mle ni mgumu kama jiwe. Linafaa kwa kupanga ipi ndogo ipi kubwa. Kwa kujumlisha halifai, kwa sababu friza mbili za -18 zikiwekwa pamoja hazifanyi -36.

Mimi ningechagua vipi

Kwa Gredi ya 3 na 4, ngazi peke yake, na lengo liwe dogo: mtoto avuke sufuri akishuka na kupanda, na ajue iliyo chini ni ndogo. Usiandike hata alama mbili zikifuatana. Kwa Gredi ya 5 na 6, ngazi kwa siku chache za kukumbushana, kisha vifuniko kwa muda mrefu, na kila wanachofanya mezani wakiandike daftarini wakati uo huo, wakisoma "hasi mbili" kwa nambari na "kutoa mbili" kwa kitendo. Deni na mabao vije mwisho, kama maswali ya maneno, mtoto akishakuwa na pa kusimama. Usilete mifano yote minne katika wiki moja. Mtoto atabaki anakumbuka hadithi na kusahau nambari.

Mzazi mwenye mtoto mmoja nyumbani ana uhuru zaidi. Aanze na kile mtoto anachokipenda, hata kama ni mabao, mradi arudi kwenye ngazi kwa ajili ya mpangilio.

Kuzidisha hasi kwa hasi ningekuacha hadi sekondari msingi. Vifuniko vinaonyesha vizuri 3 mara -2, ambayo ni mafungu matatu ya viwili vya ndani, jumla -6. Zaidi ya hapo huwa tunalazimisha mfano useme usichoweza. Brahmagupta aliiandika kanuni hiyo mwaka 628, na bado mwaka 1758 kule Uingereza Francis Maseres, mwanahisabati mwenye jina, alikuwa akitaka nambari hasi zipunguzwe matumizi kwa sababu zinaleta giza. Mtoto wa miaka kumi na moja akikataa, hajakosa akili. Akikung'ang'ania kutaka kujua, mpe karatasi aandike mwenyewe: 3 mara -2 ni -6, 2 mara -2 ni -4, 1 mara -2 ni -2, 0 mara -2 ni 0. Muulize kila mara jibu linapanda kwa ngapi, kisha umwachie mstari unaofuata, -1 mara -2, aujaze yeye.